Kijivu cha Kivulini

Daktari alipomaliza kumtoa Bibi Nakijwa mtoto wa jicho, alimwandikia matone, na juu yake dawa moja kubwa: giza. Siku kumi na nne bila mwanga wa jua, bila kukosa hata moja.

Huko Juani dawa hiyo haikupatikana. Juani ilijengwa juu kabisa, kwenye ukingo wa shimo kubwa la Mwezi, mahali ambapo jua huzunguka upeo wa macho na halitui ila kwa nadra. Basi wakamfunga bandeji, wakamketisha kwenye lifti ya mizigo katikati ya magunia ya unga, wakamteremsha hadi Kivulini, sakafu ya shimo, ambako jua halijawahi kugusa jiwe tangu dunia kuumbwa. Watu wa huko huchimba barafu. Barafu hiyo ndiyo maji ya kunywa ya pande zote mbili, na ndiyo hewa ya kuvuta pia.

Alikuwa na miaka sabini na miwili. Thelathini kati ya hiyo aliishi juu, akiwachagulia watu wa chini rangi za kusomea, na hakuwahi kushuka hata siku moja kuwaona.

Aliyempokea alikuwa mwanamke mwenye mikono ya joto.

"Shikamoo, Bibi. Mimi Namkunda. Utakaa kwangu."

"Marahaba, mwanangu. Nitakuwa mzigo."

"Mzigo gani? Hapa Mwezini hata gunia la mahindi mtu analibeba kwa kidole." Namkunda akacheka, akamshika kiwiko. "Twende. Inama hapo, mlango ni mfupi. Inama tena. Sasa nyanyuka, umefika, na kichwa bado kizima."

Siku nne za kwanza Namkunda alimlisha uji kwa kijiko. Uji wa Mwezini humiminika polepole, kana kwamba unafikiria kwanza, na ukimlisha mtu asiyeona ni lazima usubiri. Namkunda alisubiri. Mara tano kwa siku alimwambia "Inua kichwa," akafunua bandeji kidogo, akadondosha dawa, tone moja kila jicho, kisha akampangusa shavu kwa upande wa nyuma wa kidole. Bibi Nakijwa aliishi peke yake tangu mumewe afariki. Binti yake alikuwa duniani, na barua zake zilifika mwezi kwa mwezi, fupi na zenye adabu. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alimpangusa shavu.

Siku ya pili aliuliza, "Una watoto, Namkunda?"

"Nilikuwa na mmoja. Ombeni." Kijiko kikagonga bakuli. "Alikufa kwenye lango la barafu. Miaka kumi na moja sasa. Fungua mdomo, Bibi, uji unapoa."

Bibi Nakijwa akafungua mdomo. Jina hilo alilijua.

*

Siku ya tano bandeji ilitolewa. Chumba kilikuwa na taa moja ndogo ukutani, ya manjano kama kiini cha yai. Namkunda alikuwa zamu ya asubuhi kwenye mitambo. Bibi Nakijwa akakaa kwenye kiti, akaangalia mikono yake, akaiona mizuri kuliko alivyoikumbuka.

Kisha akavuta skrini ya nyumba. Alitaka kuziona rangi zake nyumbani kwa wenyewe.

Kule Mwezini binadamu hawaandiki tena msimbo, yale maagizo yanayoendesha mitambo. Huuandika Mtunzi, ambaye ni mashine, na huandika haraka kuliko mtu anavyoweza kupumua. Lakini sheria ni moja: hakuna mstari unaoruhusiwa kugusa hewa ya watu kabla binadamu hajausoma na kuukubali. Juani wanasoma ya Juani, Kivulini wanasoma ya Kivulini. Kusoma kunachosha, na macho yaliyochoka huruka. Ndiyo sababu ya rangi. Amri zina rangi yake, namba zina yake, majina ya vali na pampu yana yake. Na vidokezo, yale maneno ambayo mashine huyapita bila kuyajali kwa sababu yameandikwa kwa ajili ya watu, vina kijivu. Kijivu hukaa pembeni kwa adabu mpaka ukiangalie.

Juani husoma kwenye ukurasa mweupe. Kivulini husoma kwenye ukurasa mweusi, kwa kuwa weupe huwachoma macho. Na rangi haiwezi kuhamishwa tu kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine. Bluu iliyotulia vizuri juu ya weupe huzama ukiiweka juu ya weusi. Manjano yanayong'aa juu ya weusi hupotea juu ya weupe. Kila rangi inahitaji pacha wake. Kazi ya Bibi Nakijwa ilikuwa kuwatafuta mapacha hao. Alikaa dirishani kwake miezi minane, akibadilisha ukurasa kuwa mweupe, mweusi, mweupe, mweusi, mpaka onyo lilipopiga kelele sawasawa pande zote mbili na kidokezo kilipokaa kimya sawasawa pande zote mbili. Aliipenda kazi hiyo kama wengine wanavyopenda bustani.

Skrini ikawaka, hafifu sana. Akafungua msimbo wa pampu za maji, maana msimbo ni wa wote na mkazi yeyote anaruhusiwa kuusoma.

Kijani kilikuwepo. Machungwa yalikuwepo. Bluu ilikuwepo, imepoa kidogo. Lakini katikati ya mistari palikuwa na mapengo meusi, kama mdomo uliong'oka meno.

"Nani amefuta vidokezo?" akajiuliza kwa sauti.

Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Hamna kitu. Akatafuta kitufe cha mwanga, akakipandisha. Nusu. Robo tatu. Mwanga wote.

Vidokezo vikatokea, vyote, katika kijivu chake mwenyewe cha majivu. Akashusha mwanga. Vikazama. Akapandisha. Vikarudi. Alifanya hivyo mara tatu.

Namkunda aliporudi alikuta skrini imewaka mwanga wote, akaruka kama aliyeona mtoto karibu na jiko.

"Bibi! Shusha, shusha! Majirani watasema nini?"

"Kwani?"

"Sisi huku tunasoma kwa theluthi ya mwanga." Akakishusha kitufe mwenyewe. "Ni desturi yetu. Mwaka ule wa upungufu wa umeme, chumba cha vichanga kilikuwa kinapoa. Ombeni wangu alizaliwa na kilo moja na robo, mwekundu kama panya. Hakuna aliyetuamuru. Watu walishusha tu skrini zao, nyumba kwa nyumba, umeme ukaenda kwenye taa za watoto. Alipona. Tangu siku hiyo hakuna aliyepandisha. Hata wasomaji kazini, theluthi. Huko juu hamjui?"

"Hatujui," alisema Bibi Nakijwa. "Hakuna aliyetuambia."

"Ah, na nani aseme? Jambo dogo kama hilo."

Rangi hazififii kwa haki. Ukipunguza mwanga, zile zenye nguvu hupungua na kubaki. Ile iliyochaguliwa kuwa dhaifu hufa kwanza. Bibi Nakijwa alilijua hilo kuliko mtu yeyote Mwezini. Alichokuwa hajui ni kwamba kuna watu wanaosoma kwa theluthi. Ukurasa wake mweusi alikuwa ameujaribu kwa mwanga kamili, dirishani, jua likiwa begani.

Akakumbuka jambo jingine, na hilo lilimuuma kwa namna yake. Kwa miaka mingi, kila alipopitia msimbo wa Kivulini kukagua rangi, alikuwa akiacha neno katika vidokezo kwa msomaji asiyemjua. *Poleni na kazi. Leo ni sikukuu, nawatakia heri. Mume wangu amefariki, nisameheni nikichelewa.* Hakujibiwa hata mara moja. Alidhani watu wa chini ni wakavu. Kumbe alikuwa akizungumza na ukuta aliousimamisha mwenyewe.

Lakini hayo yalikuwa madogo. Kubwa lilikuwa lango la barafu.

*

"Shikamoo, Bibi. Macho yanaendeleaje?" Kiangi, mkuu wa wasomaji, alikuwa kijana wa miaka arobaini aliyefundishwa kazi na Bibi Nakijwa mwenyewe. Sura yake kwenye skrini ilikuwa nyeupe kwa jua la juu.

Bibi Nakijwa akamweleza yote. Kiangi hakumkatiza. Bibi alipomaliza, Kiangi alikuwa ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo Mbonea alisema kweli," akasema.

"Alisema kweli."

Miaka kumi na moja iliyopita Mtunzi alipendekeza kuondoa mstari mmoja kwenye lango la barafu: subira ya dakika nne kabla ya mlango wa nje kufunguka na hewa yote kutoka. Hakuna amri iliyoitegemea. Ilionekana kama uzembe wa zamani. Juu yake palikuwa na kidokezo: *Subira hii ni ya watu kutoka. Isiondolewe.* Msomaji wa zamu, Mbonea, alikubali mstari uondolewe. Siku ya tatu mlango ulifunguka huku Ombeni, kijana wa miaka kumi na tisa, akiwa bado ndani anafunga kamba ya kiatu.

Mbonea alisema hapakuwa na kidokezo. Baraza likakaa Juani, likafungua faili kwenye ukurasa mweupe, na kidokezo kilikuwepo, wazi kwa kila mwenye macho. Wakamwita mtaalamu wa rangi athibitishe. Bibi Nakijwa ndiye aliyesimama, akanyoosha kidole, akasema, "Hiki hapa."

"Bibi, nisikilize," Kiangi alisema taratibu. "Tubadilishe kijivu. Leo hii. Nampa Mtunzi kazi, dakika moja, kila kidokezo kinaonekana kwa theluthi, kwa robo, kwa namna yoyote. Hakuna atakayeumia tena. Tutaandika sababu: marekebisho ya kawaida."

"Na Mbonea?"

"Mbonea ni mzee. Amezoea." Akaona uso wake, akaharakisha. "Sisemi ni haki. Nasema tazama mbele. Miaka thelathini ya msimbo imesomwa bila vidokezo. Watu wakijua, watakataa kuvuta hewa! Na lile la kushusha mwanga, utamwambiaje yule mama? Kwamba wema wake ndio... Hapana, Bibi. Ukweli mwingine ni mzito kwa watu kuubeba." Akasogeza uso karibu na skrini. "Na wewe watakunyang'anya kibali cha kazi. Sheria sikuitunga mimi. Utakaa chumbani na nani? Kazi ndiyo yako iliyobaki."

Alisema hilo la mwisho kwa upole, kwa kuwa alimpenda. Ndiyo maana lilipenya.

"Nipe siku mbili," akasema Bibi Nakijwa.

Siku mbili hizo alizikaa kwenye kile kiti. Alijaribu kukiona chumba chake cha Juani bila kazi: kitanda, birika, dirisha, jua lisilotua. Alijaribu kusema moyoni kwamba Kiangi ana hekima, na kwa kweli alikuwa nayo. Watu wa Kivulini wangefaidika nini na aibu yake? Ombeni angerudi? Kila mara alipokaribia kukubali, Namkunda aliingia na chupa ya dawa. "Inua kichwa, Bibi."

*

Mbonea siku hizi alishona glavu za wachimbaji. Hakula na watu. Alichukua chakula chake kwenye kopo akaenda nalo chumbani. Bibi Nakijwa alimkuta na sindano mdomoni.

"Mimi ni Nakijwa," akaanza.

Mbonea akatoa sindano. "Nakufahamu. Kidole chako nakikumbuka."

Hakumkaribisha kiti. Bibi Nakijwa akasema akiwa amesimama. Hakuzungukazunguka. Alipofika kwenye kijivu, Mbonea aliweka glavu chini.

"Nionyeshe."

Skrini yake ilikuwa na vumbi. Aliifuta kwa kiganja. Bibi Nakijwa akafungua faili la zamani la lango la barafu, kwa theluthi. Mzee akalisoma polepole, midomo ikicheza, mpaka kwenye subira ya dakika nne. Juu yake palikuwa peusi.

"Hamna," akasema.

"Hamna."

"Sasa pandisha."

Akapandisha. Maneno yakatoka kwenye giza. Mbonea akayatazama kwa muda mrefu sana, kisha akashusha mwanga mwenyewe, akapandisha, akashusha.

"Unajua kitu?" sauti yake ilikwaruza. "Miaka mitano ya kwanza nilibisha. Baadaye nikaanza kukumbuka kwamba nilikiona. Nilikikumbuka kabisa, rangi na kila kitu, na jinsi nilivyokipuuza. Mke wangu aliniuliza siku anahamia juu, 'Mbonea, ulikiona?' Nikamwambia ndiyo."

Mzee akamgeukia Bibi Nakijwa.

"Umeshamwambia Mama Ombeni?"

"Bado."

"Ahaa." Akaokota sindano. "Umeanza na mimi kwa sababu mimi ni rahisi."

"Nimekuja kukuomba—"

"Usiniombe kitu leo, mama. Leo niache." Akaanza kushona, lakini sindano ilikuwa haina uzi, na wote wawili waliliona hilo.

*

Namkunda alikuwa ameshika chupa ya dawa.

"Inua kichwa."

"Kaa kwanza, mwanangu. Nina neno."

"Dawa kwanza."

"Nikikuambia hutataka kunitia dawa. Kwa hiyo neno kwanza."

Namkunda akaketi ukingoni mwa kitanda, akitabasamu, kama mtu anayesubiri kuambiwa uji ulikuwa na chumvi nyingi. Bibi Nakijwa akamwambia. Alitumia maneno madogo. Alisema mimi, mimi ndiye, sikushuka kuona, nilinyoosha kidole. Hakulitaja lile la taa za vichanga. Alitumaini halitafika.

Lilifika lenyewe. Aliliona likiingia usoni mwa Namkunda, hatua kwa hatua.

"Theluthi," Namkunda alinong'ona. "Tulishusha kwa ajili yake."

"Mlifanya vizuri. Nisikilize. Mlifanya vizuri kuliko wote. Kosa ni la aliyechagua rangi bila kuuliza mnaishije."

Kifuniko cha chupa kilikuwa mkononi mwa Namkunda, akakizungusha, akakizungusha. "Nilimtemea mate," akasema mwishowe. "Mbonea. Kwenye mazishi. Mbele ya watu wote."

Akasimama. Bibi Nakijwa alidhani anaondoka, akaona ni haki yake. Lakini Namkunda akaja mpaka kwenye kiti.

"Inua kichwa."

Tone moja jicho la kulia. Tone moja la kushoto. Hakumpangusa shavu. Akafunga chupa, akaiweka mahali pake, akatoka, na siku hiyo hakurudi kulala nyumbani.

*

Anayetaka kubadilisha msimbo wa Kivulini, hata rangi tu, husimama kwenye bwalo la chakula wakati wa mlo wa mchana na kusoma sababu yake. Kwa kawaida hakuna anayesikiliza, vijiko havinyamazi. Kiangi alikuwa amemwandikia mistari miwili ya marekebisho ya kawaida. Bibi Nakijwa aliikunja karatasi hiyo, akaitia mfukoni, akasimama.

"Jina langu Nakijwa. Rangi mnazosomea nilizichagua mimi."

Akaeleza. Katikati ya maelezo vijiko vilinyamaza. Alipofika kwenye jina la Mbonea alilitamka mara mbili, ili waliokuwa nyuma wasikie. Hakulia, ingawa macho mapya hulia kirahisi. Akamalizia kwa kusema kwamba kijivu kipya hataki kukichagua yeye. Wachague wao, humu, kwa theluthi yao, na yeye ameshakirudisha juu kibali chake cha kazi.

Hakuna aliyemzomea. Ingekuwa afadhali. Watu walitazama sahani zao. Mtu mmoja alitoka mbio, labda kwenda kusoma upya kila alichowahi kukubali. Bibi Nakijwa akachukua chakula chake akaketi meza ya mwisho, na waliokuwa kwenye meza hiyo, mmoja baada ya mwingine, wakakumbuka kazi zao. Akabaki na viti saba.

Alikula. Alijiambia kwamba mtu lazima ale. Wali ulikuwa na ladha ya chuma.

Ndipo Mbonea akaingia na kopo lake, kama kila siku, kulijaza na kuondoka. Hakujua lililosemwa. Alishangaa ukimya, akafikiri ni wa kwake, akainamisha kichwa, akanyoosha kopo kwa mpishi. Mpishi akaliangalia kopo. Akaliweka kando, akachukua sahani, akapakua.

"Leo kula hapahapa, Mzee," akasema.

Mbonea akasimama na sahani mikononi, hajui pa kuielekeza. Bibi Nakijwa alikuwa na viti saba vitupu, na kwa kitambo kifupi cha aibu alitamani aje kwake. Hakuja, hakumtazama hata kidogo. Kwenye meza ya katikati, iliyojaa pomoni, Namkunda, macho yamevimba, aliinuka nusu. Akamsukuma jirani yake kwa nyonga, jirani naye akamsukuma wa pili, benchi lote likabanana mpaka mwisho.

Pakapatikana nafasi ya mtu mmoja.

Mzee akaketi. Namkunda akamsogezea chumvi.

Kutoka mbali, kwa macho yake mapya, Bibi Nakijwa aliona kila kitu: punje za chumvi zikidondoka polepole, nyingine nje ya sahani ya Mbonea, jirani akijifanya hazioni. Hakuna aliyegeuka kumtafuta yeye. Akamaliza wali wake, akafuta meza kwa kiganja, akakaa.